Heshima ya Nafsi na Kiburi: Funzo katika Maisha ya Mtwa Mkwawa

Dhambi ya kwanza inayosimuliwa katika Kurani Tukufu si wizi, wala uzinzi, wala kuua. Ni kiburi. Iblisi aliamriwa kumtii Adamu, akakataa, na hoja yake ilikuwa kwamba yeye ameumbwa kwa moto na Adamu kwa udongo. Hakukana kuwa Mungu yupo. Alichokana ni kwamba mwingine aweza kuwa na daraja aliyopewa na Mungu. Kwa neno hilo moja akaangamia.

Lakini Kurani hiyo hiyo, katika Sura Bani Israil, yafundisha kwamba Mwenyezi Mungu amewatukuza wanadamu. Na katika Sura Al-Munafiqun yafundisha kwamba utukufu ni wa Mwenyezi Mungu, na Mtume Wake, na waaminio. Kwa hiyo, ndugu wengi wanaouliza habari za Uislamu hukutana na jambo linalowatatiza. Ikiwa kiburi ni dhambi kubwa hivyo, je, Mwislamu yampasa ainamishe kichwa mbele ya kila mtu? Je, mtu anayekataa kudharauliwa ana kiburi? Na kijana aliyeiacha njia ya wazee wake kwa sababu ameona ukweli mahali pengine, akaambiwa nyumbani kwao kwamba anajiona, atajuaje kama analaumiwa kwa haki au kwa dhuluma?

Jibu alikwisha kulitoa Mtume Mtukufu s.a.w. Alipolaani kiburi, mtu mmoja alimwuliza habari za mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri. Mtume s.a.w. akamfahamisha kwamba hicho si kiburi, kwani Mwenyezi Mungu Mwenyewe ni Mzuri na hupenda uzuri. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi mizani tunayo, nayo ina vitanga viwili: mtu anaipokeaje haki inapomjia, na anawatazamaje watu wengine?

Katika makala hii tutaiweka mizani hiyo juu ya maisha ya mtu mmoja ambaye kila mtoto wa Nyanda za Juu Kusini amelisikia jina lake. Huyo ni Mkwawa, Mtwa wa Wahehe. Twamchagua kwa sababu mambo yote mawili, heshima ya nafsi na kiburi, yalionekana katika maisha yake kwa uwazi mkubwa, na kwa sababu alama za habari zake hazipo Iringa tu. Sisi tukaao Iyunga, tukifuata barabara ya kwenda magharibi, hatuendi mbali kabla ya kufika Mbalizi, na jirani ya hapo ipo Utengule. Hapo ndipo alipoishi Merere, mtawala wa Wasangu, baada ya kufukuzwa na Wahehe katika nchi yake. Tutarudi Utengule hapo mbele, maana huko ndiko liliko funzo lenyewe.

Kuzaliwa na Kutawala Kwake

Mkwawa, ambaye jina lake refu ni Mkwavinyika, alizaliwa yapata mwaka 1855 huko Luhota katika nchi ya Uhehe. Baba yake, Munyigumba, wa ukoo wa Mwamuyinga, alikuwa mtawala hodari. Zamani Wahehe walikuwa wamegawanyika katika nchi ndogo ndogo, kila moja na mkuu wake. Munyigumba aliziunganisha kwa vita na kwa ndoa, mpaka pakawa na taifa moja lenye jeshi lenye utaratibu. Yeye ndiye aliyepigana na Wasangu na kuwatoa katika mabonde yao.

Munyigumba alipofariki, yapata mwaka 1879, pakatokea ugomvi wa urithi. Mwambambe, mmoja wa wakuu waliomtumikia marehemu, alitaka kushika utawala, na Mkwawa akalazimika kukimbilia Ugogo. Baadaye alirudi na watu wake, wakapigana vita kali, na Mwambambe akashindwa. Mahali pa vita hiyo paliitwa Lundamatwe, yaani mahali palipolundikwa vichwa.

Ndugu msomaji, hapa mizani yaanza kufanya kazi. Kijana aliyedhulumiwa kurudi kudai haki yake si kiburi. Mtu asiyejali haki yake huwazoesha wengine dhuluma. Lakini jina la mahali pale latukumbusha jinsi ushindi ule ulivyomalizika. Mtume Mtukufu s.a.w. naye alifukuzwa katika mji wake, naye alirudi mshindi katika mwaka wa nane wa Hijra, yaani mwaka 630. Wapokezi wa Hadithi wasimulia kwamba aliingia Makka akiwa ameinamisha kichwa juu ya ngamia wake kwa unyenyekevu mbele ya Mola wake, kisha akawasamehe watu waliomtesa kwa miaka mingi. Kurudi kwa wote wawili kulikuwa kurudi kwa aliyedhulumiwa. Tofauti ni hali ya moyo baada ya kushinda.

Mkwawa alipokwisha kutawala alionyesha akili kubwa na bidii isiyochoka. Alipigana na Wangoni, na baada ya vita kali za mwanzoni mwa miaka ya 1880 pande zote mbili zikaona ni heri amani. Aliisimamia njia ya misafara ipitayo katika nchi yake na kutoza hongo. Huko Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo, alijenga ngome yenye ukuta wa mawe na udongo, kazi ambayo mtu wa zama zile aliitazama kwa mshangao. Hakuamini kwamba kujenga kwa mawe ni kazi ya watu wa pwani au wa Ulaya peke yao. Mtu anayejua kwamba Mungu amempa akili na mikono kama wengine, kisha akavitumia, huyo ameshukuru neema. Hiyo ndiyo heshima ya nafsi.

Nyundo na Mkuki

Wakati huo Wadachi walikuwa wamekwisha shika pwani. Miongoni mwao alikuwapo ofisa aitwaye Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Habari zake ziwe sehemu ya somo hili. Mwaka 1888 alikuwa wakala wa Kampuni ya Wadachi huko Pangani, na kwa dharau aliyoionyesha kwa liwali, kwa bendera ya Sultani na kwa heshima ya mji wa Waislamu, alikuwa mmoja wa waliosababisha moto ule ulioitwa vita ya Abushiri. Mtu mwenye hekima angejifunza. Nyundo hakujifunza.

Mwaka 1891 alitumwa bara akiwa kamanda wa jeshi ili kuwatiisha Wahehe. Alikuwa na askari zaidi ya 300, wapagazi wengi, bunduki za kisasa na mizinga. Njiani alichoma vijiji. Alienda na safu ndefu ya watu katika nchi ya vichaka na mawe bila kutanguliza wapelelezi wa kutosha, maana hakuweza kufikiri kwamba watu wenye mikuki wangethubutu kumshambulia. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wapatao 3,000 waliinuka mafichoni na kuishukia safu ile. Vita haikuchukua muda mrefu. Zelewski aliuawa kwa mkuki, na wengi katika askari wake wakaanguka pamoja naye. Bunduki zao zikachukuliwa Kalenga.

Tukiuliza ni nini kilichomwua Nyundo, jibu la kweli ni kwamba aliuawa na kiburi chake kabla ya kuuawa na mkuki. Sehemu zote mbili za kiburi zilikuwamo ndani yake. Aliikataa haki, kwani watu wale walikuwa katika nchi yao. Na aliwadharau watu, hata hakuona haja ya kuwachungulia. Mwenye kiburi huwa kipofu. Haoni hatari iliyo mbele yake, kwa kuwa amekwisha amua kwamba huko mbele hakuna mtu wa kutazamwa.

Na upande wa pili, Mkwawa kusimama kuilinda nchi yake hakukuwa kiburi. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Hajj, yawapa ruhusa ya kujitetea wale wanaopigwa vita kwa dhuluma. Mtu anayeambiwa apige magoti mbele ya mtu mwingine kwa sababu tu mwingine huyo ana bunduki, kisha akakataa, hajavunja sharti lolote la unyenyekevu. Unyenyekevu ni mbele ya Mungu na mbele ya haki. Si mbele ya nguvu. Husimuliwa kwamba baada ya Lugalo Mkwawa alikataza maombolezo, kwa kuwa Wahehe nao walipoteza watu wengi na hakutaka adui ajue. Hata ushindi wake ulikuwa na huzuni ndani yake.

Utengule

Sasa, ndugu msomaji, turudi huku kwetu. Tumemwona Mkwawa mbele ya mtu mwenye nguvu kuliko yeye, nasi tumeiona heshima. Lakini mbele ya mwenye nguvu ni rahisi kumdhania mtu heshima hata kama hana. Mbele ya mnyonge ndipo mtu hujulikana.

Merere wa Wasangu na watu wake walikuwa wamekimbia nchi yao tangu zama za Munyigumba, wakajenga boma huku Utengule, chini ya safu za milima ya Mbeya. Mkwawa alirithi uadui huo, wala hakuumaliza. Majeshi yake yaliendelea kuwasumbua Wasangu. Upande wa mashariki, Kiwanga, mtawala wa Wabena wa Ulanga, naye alionja mashambulizi ya Wahehe. Vivyo hivyo Wagogo na Wasagara. Watu waliporwa ng'ombe, vijiji vikachomwa, wanawake na watoto wakachukuliwa mateka. Yale aliyoyafanya Nyundo njiani mwaka 1891, majirani wa Uhehe walikuwa wamekwisha yaona kabla ya hapo kwa mikono ya watu weusi kama wao.

Hapa kitanga cha pili cha mizani chashuka. Mkwawa alijua thamani ya nchi yake, lakini hakuitambua thamani ya nchi ya Merere. Alijua uchungu wa kufukuzwa, maana alikuwa amekimbilia Ugogo akiwa kijana, lakini uchungu ule haukumfundisha kumhurumia aliyefukuzwa. Alitaka aheshimiwe, wala hakuona kwamba wengine nao walitaka vivyo hivyo. Heshima ambayo mtu anaidai kwa ajili yake peke yake hugeuka kuwa kiburi, ingawa yeye huendelea kuiita heshima.

Na matunda yake yalikuwa machungu. Wadachi waliporudi kulipiza kisasi cha Lugalo, hawakuja peke yao. Merere aliona nafasi ya kurudi kwao, akawa upande wao. Kiwanga naye akawa upande wao. Wenye hekima waweza kuwalaumu kwa kujiunga na mgeni aliyekuja kuwatawala wote, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini aliyewasukuma ni nani? Ukuta wa Kalenga ulikuwa imara, ila nje ya ukuta hapakuwa na rafiki. Husemwa kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mkwawa alikuwa amevikata vidole vingine kwa mkono wake mwenyewe.

Kuanguka kwa Kalenga

Mwishoni mwa Oktoba 1894, jeshi la Wadachi chini ya Gavana von Schele liliishambulia Kalenga kwa mizinga na kuiteka. Mkwawa alitoroka. Kwa miaka karibu minne aliishi porini, akihama mahali hadi mahali na kuwashambulia maadui kwa ghafla. Mwaka 1896 Wadachi walijenga kituo Iringa chini ya ofisa Tom von Prince. Ndugu yake Mkwawa, Mpangile, alitawazwa na Wadachi mwishoni mwa mwaka huo, na miezi michache baadaye akanyongwa nao kwa kushukiwa kwamba alimsaidia nduguye. Merere akarudi Usangu.

Katika miaka hiyo yaonekana jambo ambalo lazima lisemwe kwa haki. Wadachi waliahidi rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Ilikuwa mali nyingi mno kwa mtu wa kijijini. Njaa ilikuwapo, vijiji vilichomwa kwa kushukiwa kumficha. Hata hivyo wengi wa watu wake walimpelekea chakula na kumfichia siri. Mtu asiyekuwa na jema lolote hapendwi hivyo. Kwa watu wake alikuwa alama ya kwamba wao nao ni watu.

Tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa na amezungukwa, Mkwawa alijipiga risasi huko Mlambalasi ili asikamatwe. Sisi Waislamu hatuwezi kulisifu tendo hilo, kwani roho ni amana ya Mwenyezi Mungu, na hakuna ruhusa kwa mtu kujiua, hata awe katika dhiki gani. Heshima ya nafsi iliyojengwa juu ya ufalme huanguka ufalme unapoanguka. Iliyojengwa juu ya utumwa kwa Mungu haianguki hata minyororo ikifungwa miguuni: Bilali r.a. alilazwa juu ya mchanga wa moto na kuwekewa jiwe kifuani, wala hakuwa mnyonge hata siku moja. Lakini kumhukumu Mkwawa si kazi yetu. Mola wake ndiye ajuaye ni nini kilimfikia na ni nini hakikumfikia.

Fuvu la Kichwa

Kiburi cha washindi hakikuishia hapo. Kichwa cha Mkwawa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, kikawekwa pamoja na mafuvu mengine ya watu wa Afrika, kana kwamba ni vitu vya kuhesabiwa rafuni. Wajerumani waliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitia sharti, katika kifungu cha 246, kwamba fuvu la Mkwawa lirudishwe. Miaka ikapita bila kutimizwa. Hatimaye, tarehe 19 Juni 1954, Gavana Twining alimkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, fuvu lililotambuliwa kuwa la babu yake katika jumba la makumbusho la Bremen. Limewekwa Kalenga. Adam Sapi mwenyewe baadaye akawa Spika wa Bunge la nchi huru. Dola ile iliyoandika kichwa cha mtu kwa bei ya rupia ilikuwa imekwisha toweka katika nchi hii miaka mingi kabla ya hapo.

Mizani Mikononi Mwetu

Basi tumejifunza nini? Kwamba heshima ya nafsi na kiburi huweza kukaa katika moyo mmoja, na mwenye moyo asijue kimoja kinapoishia na kingine kinapoanzia. Shingo ile ile isiyoinama mbele ya dhalimu yaweza kukataa kuinama mbele ya haki. Kwa hiyo haitoshi mtu kujiuliza kama yu imara. Ajiulize ni nani aliye chini yake, na anamtazamaje huyo.

Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., ameionya Jumuiya yake sana juu ya jambo hili. Amefundisha kwamba mtu anayemwona ndugu yake kuwa duni kwa sababu yeye ana elimu zaidi, au mali, au nguvu, amekwisha kuwa mwenye kiburi. Hata yule asiyetaka kumsikiliza nduguye kwa adabu anazungumzapo, ana sehemu katika kiburi. Twaona kwamba mafundisho haya hayahusu wafalme tu. Yahusu baraza zetu na meza zetu.

Na zaidi yawahusu ndugu zetu wapya. Ewe ndugu uliyeingia katika Ahmadiyya, au unayeendelea kuchunguza, huenda ukaambiwa na jamaa zako kwamba umejivuna kwa kuifuata njia nyingine. Usiogope. Kuikubali haki ulipoiona ni kinyume cha kiburi. Kiburi kingekuwa kuijua kisha kuikataa kwa kuogopa maneno ya watu. Simama hapo wala usione haya. Lakini siku utakapomtazama mama yako ambaye hajaikubali, ukamwona mjinga. Siku utakapokataa kula na ndugu zako kwa kuwadharau. Siku utakapoingia katika mjadala na mchungaji wa jirani ukitafuta kumwaibisha badala ya kumwongoza, jua kwamba umetoka Lugalo na umefika Utengule. Utakuwa umechukua neema ya uongofu, ambayo hukuiumba wewe, ukaifanya mkuki wa kuwachomea wanyonge. Na utakapohitaji rafiki nje ya ukuta wako, hutampata.

Luqman alimfundisha mwanawe, kama isimuliwavyo katika sura yenye jina lake, asiwageuzie watu uso wala asitembee kwa maringo, bali awe wa wastani katika mwendo wake na ateremshe sauti yake. Hakumwambia atambae, wala hakumwambia akimbie. Alimwambia atembee sawasawa, kama mtu anayejua kwamba ardhi anayoikanyaga ni ya Mola wake, na kwamba wenzake wote wanaikanyaga kwa haki ile ile.

Mwenyezi Mungu atujaalie nyoyo zisizoinama mbele ya batili, na zisizojikweza mbele ya kiumbe Chake yeyote. Amin.